Mguu wa Bolti na Gundi

Mguu wangu wa kwanza wa bandia ulinivunjikia shambani Chinongwe, nikiwa na mashine ya kupulizia salfa mgongoni. Ilikuwa alfajiri, umande ungali kwenye majani ya mikorosho, maana salfa, ile dawa ya ukungu wa mikorosho, hushika vizuri jani likiwa na unyevu. Nilisikia kitu kinalegea chini ya goti, mguu ukageuka upande kama mlango uliochomoka bawaba, nikaenda chini pamoja na mashine. Injini haikuzima. Ilinimwagia vumbi la njano usoni mpaka nilipoipapasa swichi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na mguu huo nilikuwa nimeuvaa miezi saba tu.

Mguu wa nyama niliupoteza kwenye barabara ya Ruangwa kwenda Nachingwea. Lori la korosho lilipinduka, nami nilikuwa nimekaa juu ya magunia, kama watu wengi walivyosafiri miaka ile ya tisini. Hospitali ya misheni wakanikata chini kidogo ya goti la kushoto. Muuguzi aliniambia nimebahatika kwa kuwa goti limebaki. Nilimwona mtu asiye na huruma. Baadaye, nilipoanza kupanda na kushuka vilima vya kwetu, ndipo nilipojua alikuwa akinieleza jambo la kweli.

Shamba lile lilikuwa la mama yangu. Aliipanda mikorosho ile kwa mkono wake, na alipofariki tulibaki mimi na mdogo wangu wa kike. Kwetu Wamwera ardhi hufuata upande wa mama, na msemaji wa ardhi ni mjomba. Mjomba wetu hakuwa mtu mbaya. Alituletea mahindi nilipokuwa nimelazwa, na ndiye aliyenichongea magongo ya kwanza. Lakini alikuwa ameshajisemea moyoni kwamba mimi nimekwisha. Alinisalimia kwa sauti ya chini, kama unavyomsalimia mfiwa.

Ule mguu wa kwanza ulikuwa na sehemu mbili za faiba. Ya juu waliiita kikombe, ndimo kigutu changu kilimoingia. Ya chini ilikuwa kama bomba lililobeba wayo wa mpira. Bomba liliingia ndani ya kitako cha kikombe kwa kina cha vidole vitatu, na hapo zikapita bolti nne. Faiba yenyewe ni kitambaa cha nyuzi za kioo kinacholoweshwa dawa ya majimaji, tabaka juu ya tabaka, kikikauka kinakuwa kigumu. Ni nyepesi, na inabeba kuliko unavyoitazamia. Udhaifu wake uko pale unapoitoboa.

Hayo nilifundishwa na fundi wa miguu wa hospitali ile. Watu walimwita daktari wa miguu ingawa hakuwa daktari. Alikuwa kijana aliyenizidi miaka michache, mtu wa mkoa mwingine, msafi, mpole, anayepima kila kitu mara mbili. Niliporudi kwake na mguu wangu uliovunjika ndani ya mfuko wa salfa, aliufungua mezani, akaniita nisogee nione. Matundu manne aliyokuwa ameyatoboa mviringo yalikuwa yamerefuka kama matundu ya vifungo vya shati. Kutoka tundu moja ufa ulikuwa umetembea mpaka ukingoni. Alinieleza kwamba bolti ni chuma na faiba ni kitambaa, kwa hiyo kila hatua chuma kinausukuma ukingo wa tundu, kidogo kidogo, na bolti ikishapata nafasi ya kucheza huanza kugonga. Kisha akaniuliza nilikuwa nikibeba nini.

Nilimwambia ukweli. Mashine, na salfa ndani yake, na mtetemo wa injini yake, mkorosho hadi mkorosho.

Akaweka bisibisi chini. "Dada, mguu huu ni wa kwenda sokoni na kwenye ibada na kurudi nyumbani. Si wa kulimia."

"Basi nipe wa kulimia," nikamwambia.

Alicheka, akadhani natania. Sikuwa natania.

Alinitengenezea wa pili bila tundu hata moja. Safari hii vipande viwili viliunganishwa kwa gundi peke yake, ile inayotoka kwenye mirija miwili unaichanganya ndipo inashika. Alisema matundu ndiyo yaliyouua ule wa kwanza, basi tusitoboe kitu, gundi iushike mzunguko wote na mzigo usambae. Na kweli ulikuwa mguu mzuri. Hauchezi, haugongi, umelainishwa pale kwenye kiungo hata ukipitisha kidole huhisi mpaka. Nilipulizia salfa msimu mzima nikiuvaa, nikavuna, nikapanda mahindi na mbaazi mvua ilipoanza. Nikaanza kutembea bila kuusikiliza.

Ulinitupa wakati wa palizi, mchana kweupe, nikivuka kijito na kapu la mihogo kichwani. Haukutoa hata mlio wa kunionya. Hatua moja ninao, hatua inayofuata bomba limebaki kwenye tope na mimi nimeanguka majini, kikombe kikiwa kimebaki peke yake chini ya goti langu. Niliposhika kile kipande niliona gundi imebanduka kuanzia ukingoni, ikaendelea kufunuka kama ganda la ndizi mpaka upande wa pili. Inaelekea ilikuwa ikifunuka kwa siku nyingi, na mimi nje sikuona chochote.

Kibaya zaidi, mjomba alikuwa ng'ambo ya kijito na wazee wawili. Walinitoa. Mdogo wangu alikuja na baiskeli akanisukuma hadi nyumbani, kipande cha mguu kimefungwa kwenye keria pamoja na ile mihogo, maana mihogo sikuiacha.

Wiki ile ile mjomba aliita kikao cha ukoo. Alizungumza Kimwera, taratibu, bila hasira, na ndiyo maana maneno yake yaliniuma. Alisema hakuna anayenifukuza. Nitakaa pale pale, nitakula pale pale. Lakini mikorosho haingoji, na mkorosho usiposafishwa wala kupuliziwa kwa wakati unarudi kuwa pori, na watu wataanza kusema ukoo wetu umeshindwa. Kwa hiyo binamu yetu mmoja angelishika shamba, mimi nipewe sehemu ya mavuno kila mwaka. Nikae, nisuke mikeka. Wengine wakaitikia. Walikuwa wananionea huruma, na nilipowatazama nyusoni niliona kwamba huruma yao ndiyo inayoninyang'anya.

Nilijibu kwa Kiswahili. Nilifanya makusudi, ili maneno yangu yasichanganyike na yao. Nilisema shamba lile halijawahi kukosa salfa tangu mama afe, mwenye ushahidi tofauti aseme. Nilisema kilichovunjika si mimi, ni kitu kilichotengenezwa na mtu, na kilichotengenezwa na mtu hutengenezwa tena. Mjomba akaniuliza kitatengenezwa mara ngapi.

"Mara hii moja, Mjomba. Kikinivunjikia kabla ya korosho kuingia ghalani, nitawaita mimi mwenyewe mlichukue shamba."

Akakubali. Nilitoka kwenye kikao kile nikirukaruka kwa magongo, na mdogo wangu nyuma yangu akiniuliza kwa nini nimeweka nadhiri juu ya kitu nisichokijua. Nilichojua ni kwamba nikiukubali mkeka siku ile, nitaukalia mpaka nizikwe.

Siku zile za kungoja mguu nilikaa na vile vipande viwili vilivyonitupa, nikivigeuza mikononi. Bolti zilikuwa na wema mmoja: zilinipa taarifa. Kabla ya siku ile ya kuanguka ziligonga wiki nzima, nikajifanya sisikii. Gundi nayo ilikuwa na wema wake, iliushika mguu imara, bila kuchezacheza, kupita bolti. Ubaya wake ni kwamba inapoachia, inaachia yote. Nikajiuliza kwa nini nichague mmoja.

Nilimpelekea daktari wa miguu swali hilo. Alinisikiliza vizuri, nampa haki yake. Akachukua karatasi akanichorea. Alisema watu wengi hufikiri ukiweka gundi na bolti pamoja unapata nguvu za viwili kwa kujumlisha, na si hivyo. Gundi ni ngumu, haina nafasi ya kucheza, kwa hiyo mzigo wote unapita kwenye gundi na bolti zinakaa tu kama wageni. Gundi ikipasuka, mzigo wote unahamia kwenye bolti, na pale umerudi kwenye mguu wako wa kwanza. Umetoboa matundu bure, umeidhoofisha faiba bure, umeongeza uzito bure.

Nilitazama mchoro wake. Sikuona kosa. Lakini niliona kwamba tunazungumzia mambo mawili tofauti.

"Mimi sikuombi mguu wenye nguvu mara mbili," nikamwambia. "Nakuomba mguu ambao gundi ikiachia, nitajua, na nitafika nyumbani nikiwa nimesimama."

Alikunja karatasi yake. Halafu akasema hawezi kutoa mguu wa namna ile, kwa kuwa hajafundishwa hivyo, na nikiumia ataulizwa yeye. Nikamwambia basi anipe vipande bila kuviunganisha. Tulibishana hapo mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakaanza kuchungulia. Mwisho alinipa. Aliniandikisha karatasi kwamba nimechukua mguu usiokamilika kwa hiari yangu, nami nikaisaini kwa mwandiko mkubwa kuliko kawaida yangu. Nilipokuwa nafunga mfuko akaniita tena anionyeshe kitu. Alikuwa ameongeza tabaka mbili za kitambaa kwenye kitako cha kikombe, na bomba alikuwa amelirefusha ili liingie vidole vitano badala ya vitatu.

Nachingwea mjini palikuwa na fundi aliyekuwa akitengeneza boneti na bampa za malori, zile za faiba zinazopasuka kwenye barabara zetu. Alikuwa mzee kidogo, Mmakua, aliyevuka Ruvuma wakati wa vita vya kwao akabaki. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, na vitu vyote alivizungumzia kama watu. Nilimkuta amelala chini ya lori. Nilipomwambia nataka aniunganishie mguu alitoka chini ya lori lile haraka kuliko nilivyotegemea.

Nilimpa vile vipande vya zamani kwanza. Alivitazama muda mrefu, akanusa gundi, akaingiza ukucha kwenye tundu lililorefuka. Akasema ameyaona hayo yote kwenye malori.

"Bolti peke yake mwizi," akasema. "Anakula tundu kidogo kidogo. Gundi kavu sana, yule mchoyo. Kazi yote anafanya mwenyewe, hagawi. Siku akichoka, anaanguka na wewe."

Nikamuuliza afanyeje basi. Akaenda kwenye kopo akaleta gundi nyeusi ya kubandikia vipande vya kabini, akanipa kipande kilichokauka nikikunje. Kilikunjika kidogo, kikarudi. Si laini kama mpira, si kikavu kama ile ya mirija. Akasema gundi huyu anatingishika kidogo, na akitingishika, bolti naye anaguswa, anasaidia. Nilikumbuka karatasi ya daktari wa miguu, gundi iliyokuwa ngumu mno hata bolti zikawa wageni. Hapa wageni walikuwa wanapewa jembe.

Tulifanya kazi siku mbili. Nasema tulifanya, kwa kuwa sikukubali kukaa. Nilipiga msasa mwenyewe, kikombe kwa ndani na bomba kwa nje, mpaka kile king'ao chote kikaondoka na vidole vyangu vikawasha kwa vumbi la kioo. Fundi alinizuia kuendelea kusugua pale nilipokuwa nimepashika kwa mkono wenye jasho. Alipapangusa kwanza kwa kitambaa chenye dawa, akasema mafuta ya mkono ni adui wa gundi. Akapaka gundi kwa unene wa ukucha, si nyembamba kama alivyofanya yule wa hospitali, akaingiza bomba, akalifunga kwa mipira ya tairi na kuliacha mpaka kesho yake.

Nilidhani matundu angeyatoboa kwanza. Alikataa. Alisema ukitoboa kwanza, utakapounganisha matundu hayatakutana sawasawa, utayapanua, na bolti itakuwa na nafasi. Aliyatoboa gundi ilipokwisha kukauka, kwa drili ya mkono, polepole, ameweka kipande cha mbao kwa nyuma ili faiba isichanike inapotoka. Kila tundu lilikaa mbali na ukingo upana wa vidole viwili. Alitia gundi ndani ya tundu lenyewe, kisha bolti akaigonga kwa nyundo ya mbao, maana kwa vidole haikuingia. Washa alizokata yeye mwenyewe kutoka kwenye bati nene, pana kama kifuniko cha soda, akazikunja zifuate mviringo wa mguu. Alipokaza nati alikaza mpaka washa ilipolala vizuri juu ya faiba, akaacha. Nilimwambia aongeze. Akasema ukiongeza unamvunja mbavu.

Haukuwa mguu mzuri. Ulikuwa na vichwa vinne vya bolti na ukanda mweusi wa gundi iliyotokeza, na ulizidi uzito ule wa pili. Nilipouvaa nikatembea hadi barabarani na kurudi, fundi aliinama akitazama kiungo, si uso wangu. Akasema niwe naukagua kila asubuhi kwa kidole na kwa sikio, na siku nikiona mstari kwenye gundi nisije kwake mbio, nije taratibu.

Msimu ule nilipulizia mikorosho yote. Binamu aliyekuwa akilingojea shamba alipita mara mbili akijifanya anatafuta mbuzi. Mjomba hakupita. Korosho ziliingia ghalani, nikaenda kumjulisha, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti yake ya kawaida, ile aliyotumia kabla ya lori kupinduka. Suala la shamba halikuzungumzwa tena.

Mguu ule ulikwenda msimu wa pili, na wa tatu. Tulikuwa tumeshaingia miaka ya elfu mbili ulipopasuka. Nilikuwa katikati ya shamba, mashine mgongoni, nikasikia mlio wa ka, kama kijiti kikavu kinapokanyagwa. Nilisimama. Mwili mzima ulijiandaa kuanguka, mikono tayari imetanuka. Sikuanguka. Nilizima injini, nikashusha mashine, nikakaa chini nikautazama. Kwenye ukanda mweusi palikuwa na mstari mwembamba unaozunguka nusu ya kiungo, na hapo ulipofika karibu na bolti ya pili ulikuwa umesimama. Washa ilikuwa imeubana. Nilipousukuma mguu kwa mkono ulicheza kidogo sana, unene wa uzi.

Nilivaa mashine tena. Najua nilipaswa kuiacha pale, na mdogo wangu alinigombeza kwa hilo kwa siku nyingi. Lakini nilikuwa nimebakiza mikorosho minne kwenye mstari ule, nami nikaimaliza, hatua fupi fupi, nikisikiliza. Kisha nikatembea hadi nyumbani kwa mguu huo huo. Nilipita mbele ya nyumba ya mjomba. Alikuwa barazani, aliuona mwendo wangu umebadilika, akauliza kuna nini. Nikamwambia mguu umevunjika. Aliinuka nusu kutoka kitini, akanitazama nikiendelea kutembea, akakaa tena.

Niliupeleka hospitali ya misheni ukiwa vile vile. Daktari wa miguu alikuwa bado yupo, mvi zimeanza. Aliuweka chini ya taa, akaufuata ule mstari kwa ncha ya kalamu mpaka uliposimama, akaurudia tena kutoka upande wa pili. Aliniuliza ulipasuka lini. Nikamwambia wiki iliyopita, na kwamba nimekuja nao kwa miguu kutoka kituo cha gari. Akauliza nani alitoboa. Akauliza gundi gani. Aliandika.

"Ulikosea hesabu?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Hesabu yangu ilikuwa sawa. Swali langu ndilo lililokuwa dogo."

Aliomba abaki nao, aukate katikati aone ndani. Nikakataa, nilimwambia akishanipa mwingine nitafikiri. Wa nne aliuunganisha yeye mwenyewe, kwa gundi na bolti, na alinipigia simu kwenye simu ya jirani kabla hajatoboa, kuniuliza tena kuhusu vile vidole viwili kutoka ukingoni. Baada ya hapo walianza kuja watu kwangu, mmoja kutoka Nambilanje, mama mmoja kutoka mbali kabisa Kilimarondo aliyekanyagwa na trekta, wakitaka kuona kiungo kilivyo. Nawaonyesha. Mimi si fundi, nawaambia hivyo, lakini nawaambia pia wasikubali mguu wa kwenda sokoni tu kama wana shamba.

Mwaka mmoja alikuja ofisa na daftari, akiandika majina ya wasiojiweza wa kijiji. Alikuwa mtu mwema, amechoka kwa jua, akaketi kivulini akaanza kuandika langu bila kuniuliza. Jirani ndiye aliyemtajia. Nilimwomba anisomee alichoandika. Akasoma. Nikamwambia alifute.

Akasema ni msaada, mama, hakuna aibu ndani yake. Nikamwambia sijaona aibu. Nimeona kosa. Kama ana karatasi ya wakulima wa korosho aniandike huko, na aandike idadi ya mikorosho, nitamhesabia. Hakuwa nayo. Alikata jina langu kwa mstari mmoja, nami nikamwambia arudi nyumba ya pili, kwani pale kuna bibi kipofu anayekaa peke yake, naye ofisa alikuwa amempita bila kumwandika.